Machakos: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Watu, Ardhi na Mchanga

Kazi yangu ni kusaidia vikundi vya kuhifadhi udongo Ukambani, nchini Kenya, kuanzia milima ya Mbooni hadi tambarare kavu za Makueni. Swali ninalokutana nalo kila mahali ni moja: watu wakizidi kuongezeka hivi, ardhi itastahimili? Nitajibu kwa yale ambayo milima hii imenifunza.

1. Wingi wa watu hauelezi kila kitu

Mwaka 1932 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Maofisa wa kikoloni walipotazama vilima vilivyochubuka na makorongo yaliyokuwa yakila mashamba, walikata shauri kwamba watu na ng'ombe wamezidi. Kufikia 1989 idadi ilikuwa karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya maofisa wale, nchi ingekuwa jangwa.

Haikuwa hivyo. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao kuhusu Machakos mwaka 1994, na humo walilinganisha picha zilizopigwa miaka ya 1930 na nyingine zilizopigwa mahali pale pale zaidi ya nusu karne baadaye. Pale palipokuwa na mteremko mtupu pana matuta, miti ya matunda na nyumba. Mmomonyoko ulikuwa umepungua huku watu wakiwa karibu mara sita. Ardhi ilipokuwa tele, mtu aliweza kuliacha shamba lililochoka na kufyeka jingine. Ilipokuwa haba, kila kipande kikapata mwenyewe, na mwenyewe akaanza kukitunza.

2. Uhaba huwa na aliyeuchora

Jambo hili huwa nawaambia vijana wa vyuo wanaokuja kutembelea vikundi vyetu. Wakamba hawakubanwa na uzazi tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea mpaka: vilima vya Mua wakapewa walowezi, na uwanda wa Yatta, walikozoea kupeleka mifugo wakati wa kiangazi, ukatangazwa kuwa ardhi ya Mfalme. Mifugo iliyokuwa ikitawanyika ikasongamana ndani ya eneo walilotengewa Wakamba, nyasi zikaisha, kisha mfugaji akalaumiwa.

Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinahitaji mifugo. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kumkabili gavana. Yeye alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini serikali ililegeza kamba. Tangu nisome habari hiyo, kila nikiambiwa kwamba sehemu fulani ina mifugo kupita kiasi, nauliza kwanza malisho ya zamani yalikwenda wapi na sasa yanashikwa na nani.

3. Tuta huchimbwa kwa fedha inayotoka mbali

Fanya juu, tuta tunalochimba huku, ni kazi ngumu. Watu wawili hushika fito zenye urefu sawa, kamba ikiwa imefungwa baina yake na pima maji ikining'inia katikati. Wa tatu anasoma kiputo mpaka kitulie, kisha kigingi kinapigwa. Mtaro unachimbwa kufuata mstari huo, na udongo wote unatupwa upande wa juu. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka unazuiwa na kingo, na baada ya misimu kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe. Mabingobingo hupandwa juu ya kingo ili mizizi iishike. Majani hulishwa ng'ombe. Haya yote hufanyika kiangazi, udongo ukiwa mgumu kama tofali.

Nani ana nafasi na nguvu za kuchimba hivyo? Mara nyingi ni nyumba yenye mtu mwenye mshahara Nairobi au Mombasa, au iliyouza kahawa baada ya Waafrika kuruhusiwa kuilima, au inayofikisha maembe na machungwa sokoni kabla hayajaoza. Fedha hiyo hulipa vibarua, hununua jembe jipya na mbegu. Kwa hiyo barabara nzuri na bei ya haki ni sehemu ya hifadhi ya udongo, hata kama wizara inayohusika haitaji udongo kamwe.

4. Kuna shuruti, na kuna mwethya

Matuta ya kulazimishwa ya enzi za ukoloni yaliachwa na wengi uhuru ulipokaribia. Yaliyodumu ni yaliyochimbwa na mwethya, vikundi vya majirani vinavyozunguka shamba hadi shamba. Wengi wao ni kina mama, kwa sababu wanaume wako mjini. Ni wao waliobeba milima hii, na bado hati nyingi za ardhi hazina majina yao.

5. Picha nzuri haionyeshi waliohama

Mafanikio ya Machakos yana upande wa pili. Mashamba ya milimani yaligawanywa kwa wana mpaka mengine hayatoshi hata kiwanja cha kujenga. Waliokosa waliteremka Makueni, Kibwezi, wengine wakafika Shimba Hills kule Kwale. Walianza upya penye mvua chache, bila kahawa na mbali na soko. Waliouza vipande vyao mwaka wa njaa hawakuvipata tena. Anayehesabu matuta yaliyopo bila kuwatafuta watu hawa amesoma nusu ya kitabu.

6. Siku hizi anayekula mto haishi kando yake

Mito ya Ukambani ni ya mchanga. Maji hukaa chini yake, na kiangazi mama huchimba kwa kata mpaka yajikusanye. Malori ya Nairobi yakishausomba mchanga ule, mwamba hubaki wazi, mvua hupita moja kwa moja, na mtungi unabebwa mbali zaidi. Kijana anayepakia hupata ujira kidogo, na faida huenda kunakojengwa ghorofa. Hapa idadi ya wakazi wa kijiji haina hatia yoyote.

Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na hiyo ni hatua ninayoiheshimu. Vikundi ninavyofanya kazi navyo vinataka zaidi: sehemu ya bei ya kila lori irudi kujenga mabwawa ya mchanga, yaani kuta za kuzuia mchanga na maji yake, kwenye mto ule ule. Nawaunga mkono kwa moyo wote, na naongeza dai moja. Kamati zinazoamua mchanga upi uchukuliwe zisijazwe wenye malori na mawakala wao. Wawemo wanaochota maji pale, na wawe na uwezo wa kukataa.