Dhana za Elimujamii katika Maneno ya Kiswahili: Tabaka, Utamaduni na Mazingira

1.0 Utangulizi
Katika vyuo vikuu vya Tanzania, kozi za elimujamii za shahada ya kwanza kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa watu ambao mwanafunzi hutumwa kuwahoji huzungumza Kiswahili. Mwanafunzi hulazimika kutafsiri mara mbili: hutafsiri swali anapokwenda kijijini, kisha hutafsiri jibu anaporudi chuoni. Kazi hiyo huchukuliwa kuwa ni ya kubadilisha majina tu. Makala haya yanadai kuwa mtazamo huo una kasoro. Neno huja na historia yake, na mara nyingine historia hiyo ni sehemu ya ukosefu wa usawa unaochunguzwa.

2.0 Tabaka
Neno tabaka lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kitu kilicholala juu au chini ya kingine. Ndiyo maana husemwa tabaka la udongo na tabaka la ozoni. Likitumiwa kwa watu, huleta picha ya ngazi: tabaka la juu, la kati na la chini. Picha hiyo inaafiki uchambuzi unaowapanga watu kwa kipato, elimu au heshima. Haiafiki vema nadharia ya Karl Marx, ambamo tabaka ni uhusiano katika uzalishaji mali: mmoja hutajirika kwa kuwa mwingine humfanyia kazi. Uhusiano huo Kiswahili huubeba kwa neno unyonyaji, lililovuma zama za Azimio la Arusha la 1967 pamoja na taswira za kupe na mirija. Kwa hiyo, mkulima wa korosho akiulizwa yuko tabaka gani, huenda akajiweka kwenye ngazi; akiulizwa ni nani anayefaidi jasho lake, huenda akataja wanunuzi na bei. Majibu hayo mawili hayawezi kuingizwa katika safu moja ya jedwali.

3.0 Utamaduni
Utamaduni una mzizi mmoja na neno la Kiarabu madina, yaani mji. Jirani zake wa kihistoria ni ustaarabu na uungwana, ambayo katika miji ya pwani yalipambanuliwa na ushenzi na utumwa. Msamiati huo uliwapanga watu: mwungwana wa mjini juu, mtu wa bara chini. Baada ya uhuru neno lilipanuliwa; mwaka 1962 Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na kila kabila likahesabiwa kuwa na utamaduni. Hata hivyo, upanuzi huo uliandamana na ufinyu mpya, kwani katika matumizi ya kila siku utamaduni mara nyingi humaanisha ngoma na mavazi. Mtafiti anayetaka kujua taratibu za urithi wa ardhi hatazipata kwa kuuliza habari za utamaduni pekee.

4.0 Mazingira
Mazingira hutokana na kitenzi zingira. Kinachozingira kiko nje, na binadamu yuko katikati. Neno kaya linaonyesha mpaka wa dhana hiyo. Katika sensa za Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, yaliyokwisha kuhamwa kufikia miaka ya 1940 na yanayoheshimiwa kama maskani ya wahenga. Misitu hiyo, iliyotawanyika katika eneo la urefu wa kilomita 200 hivi, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hapo msitu, ukoo na miiko havitenganiki. Kozi inayoweka jamii katika mada moja na mazingira katika nyingine huvunja kile ambacho wenyewe hukitaja kwa neno moja.

5.0 Hitimisho
Imeonyeshwa kuwa istilahi hizi si vibandiko. Inapendekezwa kuwa hojaji ziandikwe kwanza kwa Kiswahili, na kwamba historia ya maneno iwe sehemu ya mihutasari ya mwaka wa kwanza. Bila hivyo, anayehojiwa ataendelea kunukuliwa akisema asichokisema, na mipango ya maendeleo itajengwa juu ya nukuu hizo.