Huzuni Ifuatayo Kiharusi

Jirani akipatwa na kiharusi, nyumba yake hujaa watu. Wengine huleta uji, wengine huchanga fedha za hospitali, na wanajumuiya huja jioni kusali Rozari. Mwezi ukipita, watu hupungua; miezi mitatu ikipita, mgonjwa hubaki na mkewe na watoto wake. Mara nyingi hapo ndipo uingiapo ugonjwa wa pili, usioonekana kwa macho: huzuni isiyoondoka na hofu isiyotulia. Juu ya ugonjwa huo twataka kusema leo, hasa kwa ajili ya wale waliopigwa na kiharusi kabla ya uzee.

Si wazee peke yao

Wengi hudhani kiharusi ni ugonjwa wa babu na bibi tu. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au unapopasuka, na sehemu ya ubongo ikafa kwa kukosa damu. Shinikizo kubwa la damu ndilo chanzo cha kwanza, nalo laweza kukaa ndani ya mtu wa miaka 35 pasipo yeye kulijua. Tena kuna ugonjwa wa moyo, kisukari, virusi vya UKIMWI, selimundu kwa watoto na vijana, na shinikizo la damu la wakati wa ujauzito. Basi aangukaye aweza kuwa baba mwenye watoto wa shule ya msingi, mama anyonyeshaye, au kijana aliyekwisha tangaziwa ndoa kanisani.

Mzee akipooza hupoteza mengi. Kijana hupoteza hata yale ambayo alikuwa hajayapata bado. Seremala hawezi tena kushika randa. Mwalimu alijua neno jana, leo halimjii ulimini. Aliyekuwa akiilisha nyumba sasa hulishwa kwa kijiko mbele ya wanawe. Usiku haupati usingizi: Je, kitarudi? Ada ya shule italipwa na nani? Mwenzangu atanichoka lini?

Ni ugonjwa, wala si dhambi

Madaktari wametambua kwamba katika watu waliopatwa na kiharusi, karibu mmoja kwa kila watatu hupatwa na sonona wakati fulani. Hofu ya kupita kiasi nayo ni ya kawaida, na mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja. Sababu zake ni mbili. Kwanza, ubongo ndio uliojeruhiwa, na katika ubongo ndimo furaha na huzuni zetu zifanyiwapo kazi. Pili, mgonjwa anaomboleza maisha aliyoyapoteza.

Dalili zake zafahamika. Mgonjwa hana hamu ya chakula wala ya mazungumzo. Hulala kupita kiasi au halali kabisa. Huyakataa mazoezi ya viungo. Huziacha dawa za shinikizo la damu. Husema yeye ni mzigo. Mwingine huogopa kuachwa peke yake hata kwa saa moja. Akiwa kiharusi kimemnyang'anya usemi, hawezi kueleza lolote, nasi hudhani ametulia. Kuna na yule aliaye au achekaye ghafula pasipo sababu. Huyo asichekwe wala kukemewa, maana hilo nalo hutokana na jeraha la ubongo.

Twasikitika kwamba wapo Wakristu wasemao, "Amekosa imani," au, "Anadeka," au, "Ametupiwa jini." Maneno hayo humwumiza mgonjwa mara ya pili, na hilo la tatu huimaliza akiba ya nyumba kwa waganga wa ramli. Na tusome habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu yule mkuu wa imani aliketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Malaika hakumkaripia. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena, kwa kuwa safari iliyobaki ilikuwa ndefu. Mungu ndiye aliyeanza hivyo. Sisi ni nani hata tuanze kwa lawama?

Ujenzi usisimamishwe

Mwezi wa Oktoba 1868, Louis Pasteur, mtaalamu Mfaransa aliyekuwa Mkatoliki, alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 45. Upande wa kushoto ulipooza. Katika miaka tisa iliyotangulia alikuwa amekwisha zika binti zake watatu. Wakati huo alikuwa akijengewa maabara mpya mjini Paris, lakini wajenzi wakasimamishwa, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba atakufa. Mgonjwa alipotambua hivyo, aliumia sana moyoni. Habari zikamfikia Kaisari Napoleon wa Tatu, naye akaamuru kazi iendelee. Pasteur hakupona kabisa. Mkono wake wa kushoto ulibaki dhaifu mpaka kufa kwake mwaka 1895. Walakini mwaka 1885, miaka 17 baada ya kuanguka, ndipo alipomtibu kwa chanjo yake mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Si kila mgonjwa atakayefanya makuu kama hayo. Lakini kila nyumba yaweza kujiuliza: Je, tumesimamisha ujenzi wa huyu? Twauza shamba pasipo kumwuliza? Twapanga mahari ya binti yake, naye yumo chumba cha pili asikia? Kumhesabu mtu miongoni mwa wafu angali hai ni kumwongezea ugonjwa.

Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, mwulizeni waziwazi: "Moyo wako u hali gani?" Asiyeweza kusema aulizwe maswali ya kujibu kwa kichwa au kwa mkono.

Pili, huzuni ikizidi majuma mawili, mwambieni daktari siku ya kliniki, maana asipoambiwa huenda akapima shinikizo la damu tu. Kuna ushauri nasaha, na kuna dawa za sonona zisaidiazo. Dawa hizo hukawia majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala zisikatishwe ghafula pasipo shauri la daktari.

Tatu, mgonjwa akisema ni afadhali afe, msilipuuze neno hilo wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nne, mpeni kazi aiwezayo: kuchambua maharage kwa mkono mmoja, kusikiliza masomo ya watoto, kuongoza sala ya jioni.

Tano, mtazameni na yule auguzaye. Mke asiyepumzika miezi sita naye ataanguka. Jumuiya na igawane zamu, ili apate kwenda Misa au kulala mchana mmoja.

Na Padre aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si kwa wale tu walio katika kukata roho. Mwenye kiharusi asingoje saa ya kufa ndipo apate faraja ile. Wala sakramenti haichukui nafasi ya dawa, bali vyote viwili vyatoka mkono mmoja wa Mungu.

Kule Kafarnaumu, mwenye kupooza hakufika kwa Bwana kwa miguu yake. Watu wanne walimchukua. Na mlango ulipozibwa na umati, walipanda juu wakaitoboa dari. Injili yasema Yesu aliiona imani yao. Imani ya mgonjwa wetu ikilegea kwa huzuni, ya kwetu na imbebe. Jumapili hii, baada ya Misa, nenda ukamtazame yule aliyeanguka mwaka jana, ambaye umeacha kumtembelea.