Bati la Alumini: Gumu au Laini?

Katika maeneo yenye shida ya maji kama Endamarariek, gata ni sehemu ya mradi sawa na tangi lenyewe. Gata ikipasuka kwenye kunjo, mvua humwagika ukutani na tangi hubaki tupu. Lawama humwangukia fundi. Pengine tatizo lilianzia dukani.

Kiwandani, alumini hupitishwa katikati ya rola nzito ikiwa baridi, ikawa nyembamba hatua kwa hatua. Chembe zake hubanwa na kuvutwa mpaka zishindwe kuteleza kirahisi. Bati huwa gumu, lakini hukataa kukunjwa. Alumini isiyo na mchanganyiko mwingi, ikiwa laini, hustahimili mvuto wa megapaskali 90 hivi kabla ya kukatika. Ikipata ugumu kamili hufikia kama 165. Lakini bati laini hurefuka karibu asilimia 35 kabla ya kukatika, na gumu asilimia 5 tu.

Likipashwa joto la nyuzi 345 hivi za Selsiasi, chembe mpya huzaliwa na ulaini hurudi. Ndivyo yanavyoandaliwa mabati ya kutengenezea sufuria. Kuyashindilia katika umbo huyafanya magumu tena, na sufuria kuukuu iliyogongwa mara nyingi ili inyooke huishia kupasuka.

Kwa hiyo mnaponunua, ulizeni alama: O ni laini, H14 nusu ugumu, H18 ugumu kamili. Paa linalopigwa na upepo lataka gumu; gata yenye kona kali yataka O, au H14 ikiwa kona si kali sana.

Wapo mafundi wanaopaka sabuni penye kunjo na kupasha moto mpaka sabuni iwe nyeusi. Njia hiyo hufanya kazi (nami naiheshimu), ila ipashwe mstari wa kunjo tu, kwa kuwa sehemu iliyolainika hairudishiwi ugumu kwa kumwagiwa maji. Tena alumini haionyeshi wekundu kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukisubiri iwe nyekundu utalikosa bati.

Jina ALAF lilitokana na Aluminium Africa, lakini mabati mengi ya paa yanayouzwa nchini ni chuma kilichopakwa zinki, au alumini na zinki. Hayo yakipashwa moto, mpako huharibika na kutu huingia. Kabla ya kuwasha moto, weka sumaku juu ya bati: ikinasa, hilo ni chuma.