Faini ya mizani: dereva au tajiri?

Lori likikamatwa mizani ya Vigwaza limezidisha uzito, tajiri humwambia dereva: "Utakatwa mshahara." Je, ni haki?

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaishia tani 56. Mzigo mzito usiogawanyika, kama mtambo, huombewa kibali maalumu kabla ya safari. Kibali ni kazi ya msafirishaji, na nauli ni yake. Dereva akiokota mzigo njiani kwa siri, hapo abebe dhima. Vinginevyo ni dhulma.

Tena Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 28, yataka kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, ajitetee, na makato yasizidi robo ya mshahara. Matajiri wengi hukata kwanza.