Maktaba Imehamia Kwenye Simu: Jinsi ya Kuhakiki Marejeo Enzi za Akili Unde

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anafika kwenye meza ya mkutubi akiwa na orodha ya makala ishirini anayotaka kusoma. Majina ya waandishi yapo, miaka ipo, hata nambari za kurasa zimeandikwa. Mkutubi anatafuta kwenye katalogi, kisha kwenye hifadhidata, kisha kwenye tovuti za majarida yenyewe. Makala sita hayapatikani popote, kwa sababu hayakuwahi kuandikwa. Orodha hiyo ilitungwa na programu ya akili unde.

Huo ni mfano tu, lakini wakutubi wa vyuo vikuu katika nchi mbalimbali wamekuwa wakipokea maombi ya aina hiyo tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022. Teknolojia imerahisisha sana kazi ya kutafuta maandishi. Kazi ya kuhakikisha kwamba maandishi hayo ni ya kweli imebaki kwa msomaji.

Kutoka rafuni hadi kwenye simu

Zamani, aliyetaka kusoma tasnifu iliyowasilishwa katika chuo kikuu jijini Nairobi alilazimika kufunga safari. Nakala zilikuwa chache na kwa kawaida hazikuruhusiwa kutoka nje ya maktaba. Vitabu vilitafutwa kwa kupekua kadi ndogo zilizopangwa kwa alfabeti kwenye droo.

Mambo matatu yamebadilisha hali hiyo. La kwanza ni katalogi ya kompyuta. Maktaba nyingi nchini hutumia Koha, programu huria iliyoundwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli maktaba hailipii leseni ili kuitumia. Msomaji anaweza kujua kama kitabu kipo au kimeazimwa kabla hajaondoka nyumbani.

La pili ni hazina za kidijitali. Mwaka 2002, chuo cha MIT cha Marekani na kampuni ya Hewlett-Packard walitoa DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu, makala na ripoti mtandaoni. Vyuo vikuu vya Kenya, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi, vina hazina za aina hii. Leo mwananchi aliye Lodwar au Lamu anaweza kusoma kwenye simu utafiti uliofanywa kuhusu malisho au uvuvi wa eneo lake.

La tatu ni majarida ya kitaaluma, ambayo ada zake ni ghali. Maktaba za Kenya zimeungana chini ya muungano wa KLISC ili kujisajili kwa majarida kwa pamoja badala ya kila chuo kulipa peke yake. Aidha, mpango wa Research4Life hufungulia taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati maelfu ya majarida, bure au kwa bei nafuu. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa mwaka 2002 kupitia Shirika la Afya Duniani. Ile ya kilimo, AGORA, ilifuata mwaka 2003 kupitia Shirika la Chakula na Kilimo, FAO.

Kwa nini akili unde hutunga marejeo

Programu kama ChatGPT imejifunza kutoka kwa maandishi mengi jinsi maneno yanavyofuatana. Inapoulizwa swali, hukadiria maneno yanayoelekea kufuata. Kukadiria huko si sawa na kwenda rafuni kuchukua kitabu. Marejeo nayo huandikwa kwa mpangilio usiobadilika: mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, toleo na kurasa. Mpangilio wa namna hiyo ni rahisi kuigwa. Matokeo yake ni rejeo lenye sura kamili lakini lisilo na makala nyuma yake. Programu nyingine sasa hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, na hilo hupunguza makosa, ila haliyamalizi.

Hasara yake si ndogo. Juni 2023, jaji wa mahakama ya New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi sita zilizobuniwa na ChatGPT kana kwamba ziliwahi kuamuliwa. Kwa mwanafunzi, kosa kama hilo linaweza kuangusha tasnifu ya miaka miwili. Kwa afisa wa afya au wa kilimo, ushauri unaoegemea utafiti usiokuwepo humfikia mgonjwa au mkulima.

Hatua nne za kuhakiki rejeo

Kwanza, tafuta kichwa cha makala. Kinakili chote, kiweke ndani ya alama za kunukuu, kisha kitafute kwenye Google Scholar au katalogi ya maktaba. Kichwa kisipopatikana popote, hiyo ni dalili mbaya.

Pili, jaribu namba ya DOI. Makala mengi ya kitaaluma yana namba hii inayoanza na 10. na isiyobadilika hata tovuti ikihama. Andika doi.org/ kisha namba yenyewe. Usiridhike kwa sababu tu ukurasa umefunguka. Linganisha kichwa na mwandishi, kwani akili unde yaweza kubandika namba halali ya makala mengine.

Tatu, nenda kwenye jarida lenyewe. Fungua toleo lililotajwa na uangalie kurasa. Ikiwa rejeo linataja ukurasa wa 388 na toleo hilo liliishia ukurasa wa 240, kuna kasoro.

Nne, angalia kama makala yamefutwa. Makala yanaweza kuwepo na bado yasifae kutegemewa. Mwaka 1998, jarida la Lancet lilichapisha makala yaliyodai kuwepo kwa uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela. Jarida hilo liliyafuta mwaka 2010, lakini madai yake bado husambazwa na wanaopinga chanjo. Ilani ya kufutwa huwekwa kwenye ukurasa wa makala katika tovuti ya mchapishaji.

Hatua hizi huchukua dakika chache kwa kila rejeo. Baada ya hapo kuna kazi moja ambayo programu haiwezi kumfanyia msomi: kuyasoma makala yenyewe kabla ya kuyanukuu.

Mitambo nayo huzimika

Kuweka kila kitu mtandaoni kuna hatari zake. Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza jijini London ilivamiwa na wahalifu wa mtandao waliodai kikombozi. Katalogi yake kuu ilirejea mtandaoni Januari 2024, na huduma nyingine zilikawia zaidi. Vitabu vilikuwa salama rafuni, lakini bila mfumo ilikuwa vigumu kuvifikia. Ndiyo maana maktaba yoyote, hata ndogo, inahitaji nakala rudufu za data zinazohifadhiwa mahali pengine, pamoja na wafanyakazi wanaojua kulinda nywila zao.

Kuuliza si ujinga

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Si kila mwananchi amejiunga na chuo kikuu, lakini tasnifu zilizo wazi katika hazina za vyuo zinaweza kusomwa na yeyote mwenye intaneti. Asiyejua pa kuanzia anaweza kwenda kwenye maktaba ya umma iliyo karibu naye na kuomba kuelekezwa.

Aende na swali lake na orodha yake ya marejeo, hata kama aliipata kwa akili unde. Ni afadhali rejeo la uongo ligunduliwe kwenye meza ya mkutubi kuliko mbele ya watahini.