Kuchagua Shahada ya Uchumi: Kijitabu cha Wazazi na Wanafunzi wa Sekondari

Mzazi mwenzetu, na wewe mwanafunzi unayekaribia kumaliza Kidato cha Nne au cha Sita, kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu moja mahsusi: ilimu ya uchumi hufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania kwa majina yanayokaribiana, ilhali yaliyomo ndani ya majina hayo, pamoja na masharti ya kuingilia, hutofautiana pakubwa, na achaguaye kwa kutazama jina peke yake aghalabu huijua tofauti hiyo wasaa ukiwa umekwisha kumpita.

Sharti la jumla ni jepesi. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka mhitimu wa Kidato cha Sita awe na prinsipali mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1; hivyo D mbili zatosha, na C moja pamoja na E moja zatosha vilevile. Lakini huo ni mlango wa uani tu. Kila shahada ina mlango wake wa ndani, na katika uchumi, sharuti tuseme wazi, ufunguo wa mlango huo ni hisabati.

Aliyesoma tahasusi ya EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, ufunguo anao mkononi. Wa HGE, ambaye badala ya Hisabati amesoma Historia, vyuo aghalabu humtazama kwa somo la nyongeza la hisabati, lile ambalo wanafunzi huliita BAM, au kwa alama yake ya Hisabati ya Kidato cha Nne. Ama wa HGK, hata apate A tatu katika Historia, Jiografia na Kiswahili, huenda akakuta shahada nyingi za uchumi hazimpokei. Nasi tumekwisha kuwaona vijana wa namna hiyo, matokeo yao yamewafurahisha wazee wao, wakarudishwa kwa jambo lililoamuliwa miaka miwili nyuma, siku ya kuchagua tahasusi.

Mzazi atauliza, uchumi na hesabu vina nasaba gani? Chukua soko la nafaka la Kibaigwa, mkoani Dodoma. Bei ya mahindi ikipanda, je, ni kwa kuwa mvua zilikosekana, au wanunuzi wa nje wameingia, au nauli ya malori imezidi, au yote matatu kwa pamoja, na kila moja kwa kiasi gani? Maneno matupu hayawezi kuzitenganisha sababu hizo. Huzitenganisha ekonometriki, somo lililojengwa juu ya takwimu na aljebra, na ambalo mwanafunzi asiye na msingi hulifikia kwa taabu kubwa.

Wala jina la shahada lisikuhadae. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huuita uchumi wake Shahada ya Sanaa, na hata Uchumi pamoja na Takwimu huitwa sanaa, ingawa hesabu zake si haba. Mzumbe, chuo kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, huziita zake Shahada za Sayansi, nazo huelekea zaidi kwenye sera, mipango na usimamizi wa miradi. Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Morogoro, huufungamanisha uchumi na shamba na biashara ya mazao. Na kwa rai yetu kijana aliyekulia penye kilimo asiidharau njia hiyo kwa kudhani ni ndogo. Soma orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, ndipo ulinganishe.

Mwenye stashahada naye anayo njia: GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne.

Maombi ya kujiunga hupelekwa chuoni moja kwa moja. Kabla ya kuyapeleka, fungua mwongozo wa udahili wa Tume wa mwaka huo huo, maana hutolewa upya kila mwaka, utafute mstari wa shahada unayoitaka, na uweke cheti chako kando yake, somo kwa somo.