Mtoto Njiti Anawahitaji Wazazi Wake

Somo la mwezi: Kutoka 2:1-10

Somo hili nimewaandikia wazazi, lakini naanza kwa kutubu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtembelea mama mmoja wa kanisa letu. Alikuwa amejifungua mtoto wa miezi saba, naye mtoto amelazwa katika chumba cha watoto njiti kwenye hospitali ya rufaa, nje ya makazi yetu. Nilimwambia, "Mama, usimzoee sana. Mwachie Mungu." Nilidhani ninamfariji. Alinitazama tu, akanyamaza.

Baadaye mke wangu naye alijifungua katika juma la 31. Binti yetu alikuwa na kilo moja na gramu 300. Kwa siku nne nilikataa kumpa jina. Nilisimama nje ya dirisha nikifuata shauri langu mwenyewe. Siku ya tano muuguzi akaniuliza, "Baba, wewe ni mgeni hapa?" Swali hilo ndilo somo letu.

1. MAMA YAKE MUSA HAKUWA MGENI

Musa aliingia mikononi mwa watu wengine, mahali ambapo mama yake hakuwa na amri. Hata hivyo dada yake alisimama kwa mbali akimlinda, na mama yake akaitwa kumnyonyesha. Binti Farao alikuwa na mali na watumishi, lakini maziwa ya mama yule hakuwa nayo.

Ndivyo ilivyo hospitalini. Kuna mashine ya joto, oksijeni na dawa. Kumpeleka mtoto huko si upungufu wa imani. Lakini kifua chako na maziwa yako hospitali haina.

2. KWA NINI MTOTO AMELAZWA?

Mimba hukomaa kwa majuma 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya juma la 37 ni njiti. Hana mafuta mwilini ya kutunza joto. Mapafu yake hayajakomaa, hata pengine husahau kupumua. Kabla ya juma la 34 hivi wengi hawajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, ndiyo maana hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni mpaka tumboni. Mpira ule si dalili ya kifo. Ni kijiko chake.

Wako wanaosema mtoto wa miezi saba hupona, wa nane hapana. Si kweli. Kila juma analokaa tumboni humwongezea nguvu. Tena tuache kusema ni laana au ni dhambi ya mama. Hata mama aliyejitunza vizuri anaweza kujifungua mapema.

3. KAZI YA WAZAZI

(a) Kumbeba kifuani. Njia hii huitwa kangaruu. Ilianzishwa na daktari Edgar Rey mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, ambako mashine za joto hazikutosha. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu, akawekwa wima, ngozi kwa ngozi, kichwa kikigeuzwa upande ili apumue, kisha akafungwa kwa kitenge. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye anaweza kubeba. Muulizeni muuguzi ni lini mnaweza kuanza.

(b) Kukamua maziwa. Yale ya kwanza, ya manjano, yasimwagwe. Ni kinga yake. Mama akamue kila baada ya saa tatu hivi, hata usiku, ili maziwa yasikauke.

(c) Kunawa mikono kwa sabuni kila anapoguswa. Mtoto njiti hushindwa upesi na magonjwa.

(d) Kuuliza. Ana uzito gani leo? Maziwa kiasi gani? Uzito kushuka siku za kwanza ni kawaida. Usiogope kwa sababu hujui lugha ya hospitali. Tafuta ndugu wa kukutafsiria.

Mkirudi nyumbani, mtoto akiacha kunyonya, akiwa baridi au moto, akipumua kwa shida, akibadilika rangi au akipata degedege, kimbieni kituo cha afya. Msingoje ibada. Tutaomba tukiwa njiani.

4. KAZI YA KANISA

Mama aliye hospitalini hawezi kukamua maziwa akiwa na njaa. Tupeleke uji, sabuni, nauli ya pikipiki. Tuwalishe watoto waliobaki nyumbani. Tusijazane wodini, na mwenye mafua abaki nyumbani aombe.

MWISHO

Siku ile ya tano nilifungua shati, nikawekewa binti yangu kifuani. Nilimpa jina la bibi yake. Leo anasoma shule.

Mtoto wa yule mama wa kwanza alifariki. Nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniambia, "Mchungaji, nilimbeba mara moja tu."

Wapendwa, si kila mtoto atarudi nyumbani. Lakini kila mmoja apewe jina, abebwe, apendwe. Upendo hauongezi uchungu wa msiba. Majuto ndiyo yanayouongeza. Mungu awatie nguvu wote wenye watoto wodini. Amina.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Dada yake Musa alifanya nini, na sisi tunaweza kumwiga vipi?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wazazi wa njiti ambayo tunapaswa kuyaacha?
3. Katika mtaa wako, ni mama gani anayehitaji uji juma hili?